Rimoti ya Wii ndiyo iliua woga wa Resident Evil, au woga ulishakufa kabla?

tochi_moja

Wakuu habari zenu. Nina swali limenikaa kichwani wiki nzima, nikiwauliza jamaa zangu wananitazama tu, kwa hiyo nimelileta huku kwa watu wanaoelewa.

Nimemaliza ile gemu ya kutisha Resident Evil 4 (RE4) kwenye Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, toleo la 2007, unalenga kwa kunyoosha rimoti kwenye tivii na kisu unapiga kwa kutikisa mkono. Nimeipenda sana, mtu asije akadhani nimekuja kuiponda. Baada ya kuimaliza nikasema ngoja nirudi mwanzo kabisa nijue hii hadithi ilianzia wapi, nikachukua ile rimeki ya gemu ya kwanza, ya 2002, kwenye GameCube, mashine ya Nintendo ya kabla ya Wii. Aisee. Dakika kumi za kwanza nilikuwa na hasira tupu, yaani mtu hageuki, unabonyeza juu yeye anaenda kule uso wake ulikoelekea, kamera inaruka katikati ya korido na kushoto kumekuwa kulia. Ila saa mbili baadaye nikajikuta nimesimama mbele ya mlango, bastola ina risasi nne, nasikia kitu kinaburuza miguu mahali ambapo kamera hainionyeshi, na mkono wangu haukutaka kubonyeza. Sikufungua. Nilizunguka jumba lile kwa njia ndefu nikaingilia upande wa pili.

Kwenye RE4 sikuwahi kuukwepa mlango hata mmoja. Nilikuwa naingia mkono umenyooka, anayetokea anakula risasi ya goti, teke, kisu, anayefuata. Na mkono ule ulikuwa wangu mimi, siyo kidole gumba kikihangaika na kijiti cha kontrola.

Kwa hiyo nauliza, hizi kontrola za kulenga kwa mkono ndizo zilizozigeuza gemu za kutisha zikawa gemu za kupiga risasi? Maana naona miaka ile ya Wii ndiyo kila kitu kiligeuka. Au nimechanganya mambo?

---

MzeeWaUtepe

Mdogo wangu swali zuri, ila umekamata mtu ambaye siye. Angalia tarehe kwanza. RE4 ilitoka GameCube Januari 2005. Wii yenyewe imeingia sokoni Novemba 2006, na toleo lako la rimoti ni 2007. Kijiji kile, kamera ile ya juu ya bega, teke lile, vyote vilikuwepo tayari wakati rimoti hakuna mtu aliyewahi kuishika. Rimoti imekuta kazi imeshafanyika.

Tena mgeuko ulianza hata kabla ya hapo. RE4 iliundwa ikatupwa, ikaundwa ikatupwa, zaidi ya mara moja. Jaribio mojawapo lilikwenda mbali mno kwenye mapigano mpaka wakaona hii siyo Resident Evil tena, ikatolewa kama gemu yake, ndiyo Devil May Cry ya 2001. Jaribio jingine walilionyesha 2003, Leon, shujaa wa RE4, yumo ndani ya jumba anawindwa na jitu lenye ndoano na anaona maruweruwe, nalo likaachwa. Kwa hiyo walijua kabisa kwamba ile namna ya zamani imewachosha na walikuwa wanatafuta mlango wa kutokea miaka mitano hivi.

Sasa nikwambie woga wa zamani ulikaa wapi, maana hilo ndilo swali lako la kweli. Ulikaa kwenye HESABU. Watu wanadhani ni zombi, zombi mwenyewe anatembea kama mgonjwa, unamkwepa. Ilikuwa ni hesabu. Kusevu unahitaji utepe wa wino wa taipureta, na tepe ni za kuokota, tena chache. Ukichagua kucheza na Chris una nafasi sita tu za kubebea vitu, ukimchagua Jill nane. Bastola imekula moja, risasi moja, majani ya dawa moja, ufunguo mmoja, tayari umekaribia kujaa na hujatoka ukumbini. Halafu hiyo rimeki unayocheza sasa hivi imeongeza ukatili mwingine ambao sijui kama umeshaufikia, zombi uliyemuangusha bila kumpasua kichwa wala kumchoma, baadaye anaamka mwekundu, ana makucha, na anakimbia. Kumchoma kunataka mafuta ya taa na kibiriti, na mafuta ni ya kubahatisha, na kichupa chake nacho kinakula nafasi. Kwa hiyo kila maiti unayoiacha kwenye korido ni deni. Mimi nilikuwa na karatasi pembeni nimechora jumba zima na alama za maiti nilizoziacha, na kabla sijatoka chumba cha kusevu naitazama ile karatasi dakika nzima naamua nipite wapi.

RE4 wakaifuta hesabu hiyo. Taipureta ipo lakini utepe hauhitajiki, sevu utakavyo. Adui akianguka anaacha risasi, anaacha pesa, na kuna mfanyabiashara anakungoja anakuuzia bunduki kubwa zaidi. Yaani kuua kunakulipa. Kule nyuma kuua kulikuwa kunakugharimu. Hapo ndipo ilipogeuka mdogo wangu, na kulenga hakujaingia bado.

---

tochi_moja

Shikamoo mzee. Nimekuelewa kwenye tarehe, hapo nakubali. Na ile ya kuua kunakulipa imeniingia sana, sikuwahi kuifikiria hivyo. Hao wekundu bado sijakutana nao na nimeshaacha maiti kama tisa hivi kwenye korido za chini, kwa hiyo leo silali.

Lakini bado kuna kitu. Nimejaribu RE4 hiyohiyo kwa kontrola ya kawaida, na nilikuwa naogopa zaidi. Kijiji kilekile, mtu yuleyule wa gunia kichwani na msumeno. Kwa rimoti nilimsubiri nikampiga. Kwa kijiti niliruka dirishani. Sasa hiyo siyo kazi ya rimoti?

---

fundi_mwanga

Hapo mkuu una pointi, na Mzee ameipita haraka. Nieleze kidogo hiki kifaa kinavyofanya kazi kwa sababu jibu limo humohumo.

Rimoti ya Wii ina vitu viwili tofauti ambavyo watu wanavichanganya wanaviita jina moja. Cha kwanza ni kamera ndogo ya infraredi pale mbele. Ile bomba unayoiweka juu ya tivii haihisi kitu chochote, ni taa tu za infraredi upande huu na upande huu, rimoti ndiyo inayoziona na kupiga hesabu umenyooshea wapi. Ndiyo maana ukiweka mishumaa miwili badala yake inafanya kazi, nimeshafanya mwenyewe, inalenga vizuri kabisa. Cha pili ni akselerometa, inapima mtikisiko na mvutano wa dunia. Hiyo haijui mkono wako upo wapi, inajua umestuka tu. Jairo, inayojua mzunguko sawasawa, ilikuja baadaye 2009 kwenye kile kiongezo cha MotionPlus.

Sasa chukua RE4. Kulenga kunatumia kamera ya infraredi, kwa hiyo ni mkono wako kweli, pale unaponyooshea ndipo risasi inapokwenda. Kisu kinatumia akselerometa, kwa hiyo ni kitufe tu kimefichwa kwenye mtikisiko, utikise juu, utikise pembeni, Leon anafyeka vilevile. Kujaza risasi kwa kutikisa, hivyohivyo. Kwa hiyo tukisema rimoti ilibadilisha gemu, ni ule ulengaji peke yake.

Na ulibadilisha nini? Kwenye GameCube kijiti cha kutembelea ndicho hichohicho cha kulengea. Ukishika kitufe cha kulenga miguu inagandia chini na kijiti kinahamia kwenye kile kidoti chekundu cha leza, unakisukuma polepole, kinapita kichwa, unakirudisha, na wakati huo jamaa anakuja na shoka. Zile sekunde mbili za kukitafuta kichwa ndizo zilikuwa woga wa RE4. Walizipanga makusudi, ndiyo maana maadui wanakuja wakiyumba, wanakuja wanasita, wanakimbia halafu wanapunguza karibu yako, wanakupa muda wa kulenga ila usiotosha. Rimoti imezifuta zile sekunde mbili. Miguu bado imeganda, adui bado wanasita kama walivyopangwa, lakini wewe kichwa umeshakipata kabla hajapiga hatua ya pili. Gemu imetengenezwa kumsubiri mtu mwenye mkono mzito na wewe umekuja na mkono mwepesi.

Ndiyo maana uliruka dirishani kwa kijiti na hukuruka kwa rimoti.

---

MzeeWaUtepe

Fundi nimekubali, hilo la adui kusita sikuwahi kulipa maanani. Miaka yote nilijua ni namna yao ya kutembea tu.

---

dada_wa_skrini_mbili

Habari zenu wote. Mimi nina neno tofauti kidogo na nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kwa sababu naona mnaelekea kusema RE4 ya rimoti haitishi, na mimi sikubali hata kidogo.

Mmefika kule kisiwani? Kwenye maabara, vile viumbe vya kijivu, Regenerador. tochi_moja umesema umemaliza kwa hiyo lazima umevipita. Kumbuka ile pumzi. Unaisikia kabla hujakiona, ile pumzi ya mtu aliyeziba kifua, na huwezi kujua kipo chumba gani. Halafu kinatokea kinatembea polepole kabisa kinatetemeka, unakipiga mguu unakatika, unaota. Kichwa, hakuna kitu. Una kile kidude cha infraredi cha kufunga kwenye raifo, ndani yake unaona vile vimelea vinapumua mwilini, inabidi uvipige kimoja kimoja, na vingine unaviona kutoka upande mmoja tu. Rimoti inakusaidia kulenga, sawa, lakini kulenga WAPI? Hapo mkono wako mwepesi haukusaidii kwa sababu hujui. Mimi hapo nilikuwa nashika rimoti kwa mikono miwili ili alama isitetemeke kwenye skrini, kwa sababu mkono wangu wenyewe ulikuwa unatetemeka na gemu inauona. Kijiti hakiwezi kukuonyesha kwamba unatetemeka. Rimoti inaweza.

Kwa hiyo mimi nasema tofauti, kulenga kwa mkono hakuui woga mahali ambapo shida siyo kulenga. Kunaua pale tu ambapo mtengenezaji alikuwa anategemea ugumu wa kijiti kumtishia mchezaji.

La pili, na hili natamani watu waliseme zaidi. Mama yangu hakuwahi kucheza gemu yoyote ya vijiti viwili, alikuwa anajaribu, kamera inaangalia dari, anairudisha mezani. Alipopewa rimoti alielewa kwa sekunde tatu, nyoosha, bonyeza. Tulimaliza naye Resident Evil: The Umbrella Chronicles ya 2007 wawili, ile inayokutembeza yenyewe wewe unapiga tu, na alikuwa anapiga kelele kila zombi wakitokea pembeni, alikuwa anaogopa kweli, na hakuiacha. Mnaposema rimoti imeleta akshen mkumbuke pia iliwaleta watu mezani ambao gemu hizi zilikuwa zimewafungia nje miaka kumi. Ile ya 2009, Darkside Chronicles, ndiyo alikataa. Waliamua kamera itikisike kama ya mtu anayekimbia kweli, kichwa unakilenga kinahama. Mama akasema hii hainitishi, inaniumiza macho tu.

---

korido_ya_mwisho

Dada nakubali kuhusu Regenerador, mia kwa mia. Mimi naongeza tu kwamba kilichoua woga zaidi ya vyote ni mwenzio. RE5 ya 2009 una Sheva pembeni muda wote, mchana kweupe, jua kali. Huwezi kuogopa ukiwa wawili mnagawana risasi. RE6 ya 2012 ikaendelea na hilohilo. Dead Space 3 ya 2013, gemu nyingine ya kutisha, ya angani, nayo ikaleta mwenzi, na ile ya kwanza ya 2008 shujaa wake Isaac alikuwa peke yake ndani ya meli, unasikia vyuma tu. Hapo hakuna rimoti wala nini.

---

fundi_mwanga

Umenikumbusha Dead Space mkuu. Ile ya Wii, Extraction ya 2009, ilitumia mkono vizuri kuliko watu wanavyokumbuka. Silaha mojawapo ni kikatio cha fundi kinachokata kwa mstari, na viumbe vile havifi kwa kichwa, ni lazima ukate viungo. Kwa hiyo unageuza kiganja na mstari unalala, unarudisha unasimama, mkono wa kiumbe unakuja umelala unausimamishia mstari. Kwenye kontrola ya kawaida ni kitufe. Kwenye rimoti ni kiganja chako. Na giza likija unatikisa rimoti kuamsha kimwanga ambacho kinafifia baada ya muda, ukitikisa unaacha kulenga. Pale mtikisiko una gharama, kwa hiyo unatisha. Mtikisiko wa bure hauogopeshi mtu.

Tatizo lake ni lile alilosema dada kuhusu Umbrella Chronicles, inakutembeza yenyewe. Huwezi kukataa mlango. Na tochi_moja alianza uzi huu kwa sababu ya mlango aliokataa kuufungua.

---

ukungu99

Jamani nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aitaje na hakuna aliyeitaja. Silent Hill: Shattered Memories, 2009, Wii. tochi_moja na jina lako hilo hujaicheza??

Hakuna bunduki humo. Hakuna bastola, hakuna rungu. Rimoti ni TOCHI. Unaelekeza mkono, mwanga unakwenda pale, kivuli cha kiti kinarefuka ukutani na kinapinda kadiri unavyosogeza. Ulengaji uleule wa infraredi ambao fundi ameueleza, uleule kabisa uliokupa risasi za goti kule kijijini, hapa umepewa ukaangalie chini ya kitanda. Na mtu mwenye tochi ana tatizo ambalo mwenye bunduki hana, ukimulika huku, kule ni giza. Wewe ndiwe unayechagua giza likae wapi. Mimi kuna shule mle ndani nilikuwa nasogeza mkono kwa sentimita moja moja.

Halafu simu. Harry anamtafuta binti yake, ana simu, na simu ikilia inalia KWENYE RIMOTI. Ile spika ndogo ya kwenye rimoti ambayo gemu nyingine inatoa mlio wa kitufe. Unaiinua unaiweka sikioni na mtu anaongea sikioni mwako, sauti mbovumbovu kama simu ya kweli, na tivii kule mbele iko kimya. Ukikaribia mahali palipotokea jambo, spika inaanza kukwaruza, na kadiri unavyoelekeza mkono sawasawa mkwaruzo unazidi. Kwa hiyo unaufuata kwa mkono. Mkono wako unakupeleka mahali ambapo wewe hutaki kwenda.

Na vile viumbe vikija, mji wote unaganda barafu na unakimbia tu. Kikikurukia mgongoni huna cha kupiga, unakisukuma kwa mikono yako miwili, rimoti na nanchaku (kile kipande cha kontrola cha mkono wa pili), kule kilikokukamata. Nyuma, unarusha mikono nyuma. Wakati mwingine haishiki, unarudia, na vingine viwili vinakuja. Hilo ni lawama halali, fundi atasema ni akselerometa haijui mkono upo wapi, na kweli.

Kwa hiyo mimi jibu langu kwa swali lako ni hili, tatizo halikuwa mkono. Ni ulichowekewa mkononi. Miaka ile karibu kila mtu alitazama rimoti akaona bastola kwa sababu ina kitufe chini kinachofanana na traiga. Wachache sana waliona tochi.

---

MzeeWaUtepe

Ukungu umenifungua. Nakumbuka na Project Zero ya nne ya Wii, ya 2008, nayo ilikuwa ya tochi kwa rimoti, ila ilitoka Japani tu na wengi wetu hatukuipata wakati wake. Kamera ya kupigia picha mizuka, unasubiri mzuka usogee karibu kabisa ndiyo upige picha yenye nguvu. Pale ukilenga haraka unapata kidogo. Inakulipa kwa kungoja, na kungoja ndiyo kuogopa kwenyewe.

---

mikono_miwili

Samahani nimechelewa. Mnaongea kama hadithi iliishia kwenye Wii na haikuishia hapo. RE4 hiyohiyo ilirudi 2021 kwenye Quest 2, ya kuvaa kichwani. Kijiji kilekile, kengele ileile. Na mimi niliyeimaliza GameCube mara sijui ngapi niliogopa kama mtoto.

Kwa sababu gani? Kulenga ni rahisi kuliko hata Wii, ni mkono kabisa, tena unaweza kutembea huku unalenga, ile miguu iliyoganda hakuna. Kwa hesabu ya fundi ilipaswa isitishe kabisa. Ila kujaza risasi siyo kitufe na siyo kutikisa. Magazini ikiisha unabonyeza inadondoka, unapeleka mkono wa kushoto kiunoni unatoa mpya, unaiingiza kwenye kitako cha bastola, unavuta ile ya juu ndiyo risasi iingie. Shotgani ipo begani nyuma, unaifikia kwa kupitisha mkono juu ya bega, na kila ukipiga unaivuta ndiyo upige tena.

Sebuleni ukiwa umetulia unafanya hayo kwa sekunde mbili. Sasa yule wa msumeno anakuja, unausikia mlio wake nyuma ya sikio la kulia kwa sababu yupo nyuma yako kweli, unapeleka mkono kiunoni unakosa, unapeleka tena, unapata, unaipiga ukutani kwa magazini, nje ya kitako. Mimi niliidondosha chini nikabaki natazama viganja vyangu. Nimekufa hivyo mara tatu mfululizo.

Zile sekunde mbili fundi alizosema rimoti ilizifuta, hapa zimerudi. Zamani zilikuwa kwenye kulenga, sasa zipo kwenye kujaza.

---

fundi_mwanga

Aisee mikono_miwili. Hiyo nimeisoma mara mbili. Kumbe ndiyo kontrola za kifaru, zile za zamani ambazo mtu hageuki, zimerudi kwa mlango wa nyuma, sema kifaru sasa ni wewe mwenyewe.

---

dada_wa_skrini_mbili

Na ZombiU ya 2012 ilikuwa njiani kuelekea hukohuko. Begi lako lipo kwenye ile skrini ya mkononi ya Wii U, ukitaka kitu unainamisha kichwa unaangalia mkononi, na gemu HAISIMAMI. Unatafuta dawa huku jicho moja lipo juu kwenye tivii. Ukifa unaamka mtu mwingine na yule wa zamani amekuwa zombi, amevaa begi lako, inabidi umfuate ukalichukue. Nilikuwa napekua begi mgongo ukiwa ukutani, kila mara, hata mahali nilipojua pana usalama.

---

tochi_moja

Wakuu nimerudi baada ya siku nne. Asanteni sana, sikutegemea watu wangejibu kwa moyo hivi.

Nimeipata Shattered Memories. Nimecheza nikiwa peke yangu, taa zimezimwa, kama ukungu99 alivyonipa hamu. Nataka niwaambie kitu kimoja tu. Kuna mahali nimo kwenye korido, namulika, na bila kufikiria mkono wangu ukapanda usawa wa kichwa. Mkono wa RE4. Umezoea, kitu kikitokea kinatokea usawa wa kichwa, kwa hiyo unausubirisha pale. Nikajikuta nimemulika ukuta mtupu usawa wa kichwa, nusu ya chini yote ya korido ni giza, na kuna kitu kimesogea chini pale. Nikashusha mkono. Nilikuta ni mlango umesukumwa na upepo tu, lakini niliushusha taratibu sana.

Halafu simu ikalia mkononi mwangu na nusura niirushe.

Ila nimekwama. Ule mkimbizano wa barafu wa pili, nakufa kila mara, naingia milango nazunguka narudi palepale, na ile ya kusukuma kwa mikono haishiki. ukungu99 unafanyaje?

---

ukungu99

Usirushe mikono kwa nguvu, hilo ndilo kosa la kila mtu. Ukirusha kwa pupa inasoma mtikisiko haijui umeelekea wapi. Sukuma mara moja, fupi, mikono yote kwa pamoja, kule kilikokushika, halafu tulia nusu sekunde ndiyo urudie kama imekataa.

Milango inayopitika ina ukingo wa buluu, usipoteze muda kwenye mingine. Ukiokota zile fataki za kuwasha usiiwashe papo hapo, washa pale unapotaka kusimama uangalie ramani kwenye simu, viumbe havikukaribii mpaka izime. Na kuna kitufe cha kutazama nyuma huku unakimbia. Wengi wanakitumia kila hatua mbili na ndiyo wanajigonga ukutani. Mimi nilikiacha kabisa, nikawa nasikiliza tu.

---

tochi_moja

Nimepita. Sikutazama nyuma hata mara moja.